Mpagazi Ndani ya Bastola

Mwaka ninaousimulia ni ule tuliokula michembe mpaka watoto wakawa wanaitaja usingizini. Mvua ilikatika mahindi yakiwa magotini, na kuanzia Bukene mpaka huku mjini kila nyumba ilikuwa inachemsha vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Asubuhi kwa karanga, jioni kwa maziwa ya mgando, kama unayo. Ugali ulikuwa wa wageni, na wageni wenyewe tuliwachagua. Mimi sina kalenda kichwani. Ukiniuliza lini, nitakuambia tulikuwa tunakula nini.

Basi ndio mwaka huo nilipofungua bastola yangu ya kwanza.

Usishtuke, haiui mtu. Ni kidude cha plastiki chenye mpini na triga, kina nyaya tatu zinazotoka kitakoni, na kazi yake ni kuendesha vigari vidogo, saizi ya kipande cha sabuni ya kufulia, vinavyokimbia juu ya meza kubwa ya mbao. Kila kigari kina ulimi chini ya pua. Ulimi unaingia kwenye mfereji mwembamba uliochongwa kwenye mbao, na kando ya mfereji, huku na huku, umelazwa utepe wa shaba wenye umeme. Umeme mdogo, wa kukutekenya tu. Dereva anasimama nje ya meza na hana usukani. Ana bastola. Akivuta triga gari linakwenda, akiachia linasimama. Utaalamu wote uko kwenye kona: ukiingia na mwendo mwingi gari linaruka mferejini linaangukia miguuni mwa watu, na watu wa Tabora hawajui kumfichia mtu aibu yake.

Waliozitengeneza wanaziita kontrola. Sisi tuliona mpini na triga, tukasema bastola, na jina likakaa. Siku moja mgeni aliuliza njiani hapa Chemchem, "Kwa bibi anayetengeneza bastola ni wapi?" Kabla hajafika kwangu, mjumbe wa mtaa alikuwa ameshafika.

Meza ni ya mzee mmoja mstaafu wa reli, Mzaramo aliyeletwa Tabora na treni akasahau kurudi. Mhandisi wa kigeni aliyekuja na reli mpya alipomaliza mkataba alimwachia sanduku lenye vigari na bastola. Mzee akachonga njia mwenyewe, mifereji sita, ndani ya ghala la zamani la tumbaku nyuma ya stesheni. Ghala linanuka tumbaku mpaka leo. Ukirudi nyumbani, nguo zako zinakusemea ulikokuwa.

Aliyenipeleka huko ni mjukuu wangu, binti wa binti yangu. Namwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kike, na yeye akitaka kunichokoza ananiita bi mkubwa. Mchana anatoa fotokopi kwenye duka karibu na soko, jioni anaendesha vigari. Sisemi kwa sababu ni damu yangu: hakuna mkono kama wa yule mtoto Tabora nzima. Hakuna. Mwenye wake amlete.

Jioni moja alirudi amevimba mashavu, akatupa bastola juu ya meza yangu ya kukatia nguo.

"Imekufa," alisema. "Ukivuta kidogo hakuna kitu. Ukiongeza, gari linaruka kama limechomwa sindano. Mzee anasema itupwe."

"Lete bisibisi."

"Bibi, hii siyo cherehani."

"Nimekuambia lete bisibisi. Sikukuuliza ni nini."

Shule niliishia darasa la nne, na darasa lenyewe la nne nilikaa dirishani nikitazama nje. Lakini nimeshona tangu sijaolewa, na kwa miaka mingi nimeshonea cherehani ya umeme niliyoachiwa na kikundi cha kina mama wa parokia, kwa sababu wao ilikuwa inawatisha. Pedeli yake ilikuwa inaharibika kila msimu wa sare za shule, na fundi wa redio alikuwa anairudisha na maneno mengi kuliko alivyoichukua. Nikajifunza kuifungua mwenyewe. Kwa hiyo nilipotoa skrubu nne za ile bastola na kuinua ubavu mmoja, nilicheka peke yangu.

"Pedeli hii!" nikamwambia mjukuu. "Wameichukua pedeli ya cherehani, wakaitoa mguuni wakaileta kidoleni."

Ndani yake mna kigae cheupe, kirefu kama kidole cha mwisho, kilichozungushiwa waya mwembamba, mzunguko kwa mzunguko, umebanana kama nyuzi kwenye kibobini. Juu ya waya huo kinatembea kipande kidogo cha shaba kilichofungwa kwenye triga. Ukivuta triga, kile kipande kinasogea mbele. Ukiachia, springi inakirudisha nyuma. Ndiyo hivyo tu. Lakini "ndiyo hivyo tu" hiyo ilinichukua msimu mzima kuielewa, na aliyenipa neno la kuielewea ni yule mzee, tena kwa dhihaka.

Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani. Babu zetu ndio waliobeba mizigo kutoka huku mpaka pwani na kurudi, na babu zao ndio waliokaa njiani wakiwatazama wanavyopita. Kwa hiyo siku niliyokwenda ghalani kumrudishia bastola yake, mzee aliichungulia akasema mbele ya watu wote:

"Haya, kumbe umemwona ndugu yako humo ndani. Hicho kishaba kinavyokwenda na kurudi na mzigo wa umeme kichwani, si Mnyamwezi huyo? Mpagazi kabisa!"

Watu wakaangua kicheko.

"Ni mpagazi," nikamwambia. "Na wewe ndiye huo mpini. Umekaa tu, umeshikwa."

Wakacheka zaidi, na yeye akacheka kuliko wote. Lakini mimi lile neno sikulirudisha. Nililichukua nikaenda nalo nyumbani, kwa sababu lilikuwa sahihi kuliko alivyojua. Nikaanza kuiona njia ya msafara ndani ya kigae. Kila mzunguko wa waya ni kambi. Triga ikivutwa kidogo, umeme unalazimika kulala kila kambi, moja baada ya moja, unafika kwenye gari umechoka, na gari linakwenda polepole. Ukivuta zaidi, mpagazi anaziruka kambi, safari inakuwa fupi, umeme unafika na nguvu zake. Ukivuta mpaka mwisho, mpagazi anatoka kwenye waya kabisa, anakanyaga shaba tupu, na hapo hakuna kambi hata moja. Umeme wote unafika kwa mkupuo.

Na zile nguvu zilizopotea njiani zinakwenda wapi? Zinageuka moto. Ndiyo maana bastola inachemka mkononi mwa dereva anayependa kuvuta nusu nusu. Wengi walikuwa wanaleta bastola kwangu wakisema inaumwa homa. Haiumwi. Umeme umelala kambi nyingi, ndio moto wenyewe.

Triga ikiachiwa kabisa, mpagazi anarudi nyumbani, na nyumbani kwake ni kwenye kipande kingine cha shaba kilichoungwa na waya mwekundu. Hiyo ndiyo breki. Waya mweupe unaleta umeme, mweusi unaupeleka kwenye njia, mwekundu unasimamisha. Mjukuu aliniuliza gari linasimama vipi wakati hakuna kitu kinachoshika tairi. Nikamwambia nilivyoona mimi: injini ndogo ile ukiinyima umeme huku bado inazunguka, inatengeneza umeme wake yenyewe, na waya mwekundu unaurudisha umeme huo kwa mwenyewe. Inajikaba koo. Usipomfikisha mpagazi nyumbani akagusa sawasawa, hakuna wa kuikaba, na gari linaingia kwenye kona likiwa na mwendo wake wote.

Bastola ile ya kwanza niliiponya, halafu nikaiua. Nalisema mwenyewe kabla hajalisema mwingine. Waya wake ulikuwa mchafu, na mimi uzi wa jinzi huwa naupitisha kwenye nta ya nyuki ili usikwame kwenye kitambaa. Nikaona waya na uzi ni mtu na mdogo wake. Nikaupaka nta, nyembamba, vizuri. Mzunguko wa kwanza gari lilikwenda kama limepakwa siagi. Wa pili pia. Waya ulipopata moto, nta ikayeyuka, ikateremka mpaka nyumbani kwa mpagazi, ikagandia pale pale penye breki. Mjukuu akaachia triga kwenye kona ya mlangoni, na gari halikumsikia. Lilipita, likatoka nje, likamkuta muuza karanga.

"Mnyamwezi akiona kitu chochote cha mviringo anadhani ni mzinga!" mzee akapiga kelele.

Tangu hapo sijapaka kitu kwenye waya. Waya unafutwa kwa pamba na spiriti. Mpagazi mwenyewe, uso wake ukiwa mweusi, namsugua kwa ufutio wa penseli, situmii msasa, msasa unakula. Tone moja la mafuta linakwenda kwenye pini ya triga na si kwingine. Springi haikazwi kwa hasira, ikikazwa sana kidole kinachoka kabla mashindano hayajafika nusu. Nyaya mara nyingi zinakatikia ndani ya gamba lake, pale zinapotoka kitakoni, kwa hiyo nazikunja kidogo kidogo huku natazama balbu. Balbu yangu ni ya indiketa ya bajaji, nimeifunga na betri. Triga ikivutwa taratibu, balbu inapaswa kupambazuka taratibu. Ikikonyeza, kuna kambi iliyoungua.

Hayo yote niliyajua kabla hatujavuna viazi vipya, na kufikia wakati huo hakuna bastola ya mzee iliyotumika kwenye ghala lile bila kupita mezani kwangu. Hata mzee aliacha kusema zitupwe.

Ndipo ujumbe ukaja kutoka Dar es Salaam. Wenzetu wa huko wana meza kubwa zaidi, na walikuwa wanakaribisha dereva mmoja kutoka Tabora aende kushindana nao. Mmoja tu. Mzee akatangaza mashindano siku ya Jumamosi, na atakayebaki wa mwisho ndiye apande treni.

Mjukuu wangu aliitaka safari ile mpaka akawa hali chakula. Tangu azaliwe hajapita Manyoni. Aliomba ruhusa kazini kabla hajashinda. Kuna wanaume pale ghalani walisema waziwazi kwamba Dar apelekwe mwanaume, binti atatuaibisha. Yeye alikwenda kupiga pasi gauni la safari, akalitundika mlangoni kwangu, kila anayeingia akutane nalo usoni.

Jumamosi asubuhi aliwapita wote aliokutana nao. Aliwapita wale waliosema, mmoja mmoja, na mimi nilikuwa kwenye benchi nikiwataja kwa sauti kila walipoanguka. Adhuhuri wakabaki wawili: yeye, na mrina asali mmoja kutoka Ipole, mtu mpole, mwenye mikono iliyoumwa na nyuki mpaka haisikii kitu. Huyu alikuwa na bastola yake mwenyewe, si ya mzee, na haikuwa imepita kwangu. Asubuhi yote alikuwa anashinda, lakini michezo miwili ya mwisho gari lake liliruka mara tatu kwenye kona, na alisalimika kwa sababu wapinzani wake waliruka mara nne. Fainali ikawekwa baada ya chakula.

Nilikuwa na kijimeza changu pale ndani, karibu na dirisha. Mrina asali akaja na bastola ameishika kwa mikono miwili kama kikombe cha chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Inakusumbua nini?"

"Ikiwa baridi ni nzuri. Ikipata moto inakataa kusimama."

"Umepaka nini?"

"Sijapaka kitu."

"Baba, mimi pua yangu imezeeka lakini haijastaafu."

Akacheka, akatazama chini. "Nta kidogo tu. Ya mzinga wangu mwenyewe, haina takataka. Kule kwetu nta tunapaka kila mahali, mama. Ufa wa mzinga, uzi wa kiatu, mlango ukilia."

"Basi umeubandika umeme plasta mdomoni."

"Inatibika?"

"Nenda kale. Ukirudi utaikuta."

Akaenda. Nikatoa skrubu, na harufu ikanipiga, ile ile ya siku ya muuza karanga. Nta ilikuwa imetulia juu ya breki, kijipande cha njano, kidogo kuliko punje ya uwele. Kazi ya dakika kumi. Kukwangua kwa ukucha, pamba, spiriti, ufutio, basi.

Hapa niseme mwisho wake kabisa, usije ukasoma kwa presha. Aliyepanda treni ni mrina asali. Alishinda kwa nusu mzunguko, kihalali, na mjukuu wangu hakuanguka hata mara moja. Alishindwa akiwa mzima. Alininunia siku tisa, akawa anakula kwa jirani huku jirani akiniletea habari za alichokula. Siku ya kumi alikuja akavuta kiti, akafungua bastola yake mwenyewe bila kuniuliza, na siku hizi ukija kwangu utatukuta wawili mezani. Gauni lile alilivaa Pasaka. Nani alikuwa na haki, nani hakuwa nayo, hatujalizungumza. Mimi sina la kuzungumza.

Lakini watu wanasimulia kwamba nilimnyima mjukuu wangu safari kwa sababu simpendi, au kwa sababu mrina asali aliniahidi asali. Hawakuwepo. Waliokuwepo mezani ni wawili, na mmoja ni mimi, kwa hiyo nasimulia.

Nilikuwa nimeinua ubavu wa bastola, na ukucha uko juu ya ile nta, mjukuu akaja na sahani ya michembe. Akaiweka. Akachungulia. Naye anajua kusoma bastola, nimemfundisha mwenyewe, hakuhitaji kuambiwa.

"Ni nta," alisema.

"Ni nta."

"Kwenye breki."

"Una macho."

Akatazama mlangoni, akavuta kiti akakaa karibu, mabega yakagusana. Sauti akaishusha.

"Bibi, ifunge."

"Nikimaliza."

"Ifunge hivyo hivyo."

Nikamtazama. Alikuwa hajalala vizuri, macho mekundu kwenye kona, na kidole chake cha triga kilikuwa kinacheza chenyewe juu ya meza. Mtoto niliyemwogesha kwenye beseni. Nilimtaka ashinde kuliko alivyotaka mwenyewe, na anayesema sikumtaka ashinde aje aniambie usoni.

"Sikirudishi kibovu," nikasema.

"Hukukiharibu wewe! Kakiharibu mwenyewe, kwa mkono wake, kwa nta ya mzinga wake. Mimi siombi umuwekee kitu. Siombi useme uongo. Naomba usifanye kitu, Bibi. Mtu akikaa tu, kakosa nini?"

"Nimeshakifungua."

"Mwambie muda haukutosha."

"Muda upo."

"Utaona watakavyosema wale. Watasema, 'Si tulisema!' Nitarudi kwenye fotokopi mpaka nizeeke." Machozi yalikuwa yamefika lakini akayakatalia. "Wewe ni fundi wa nani, bi mkubwa? Wangu au wake?"

"Wa bastola."

Akacheka kidogo, kicheko kibaya, cha puani. Nje watu walikuwa wanamaliza kula, tukasikia mzee anapiga makofi kuwaita. Mrina asali alikuwa anakuja, anafuta mikono kwenye suruali. Mjukuu akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, ule wenye ufutio, akaubana.

"Mke mwenzangu," akaniita, jina ninalomwita mimi, na hajawahi kuniita hivyo tangu azaliwe. "Hata kwa ajili yangu?"

Nikautoa mkono wangu taratibu, nikachovya pamba kwenye spiriti.

"Sikirudishi kibovu."